POMBE INAINGIA KWA MLANGO MZURI



 Mwezi huu tunaongea na jamaa zenye mtoto katika chuo kikuu, na zile ambazo mtoto wao anajitayarisha kwenda. Jambo letu ni pombe, bangi na vidonge.

Mtu atasema: « Tena habari ya pombe! Tumeambiwa kila siku. » Ni kweli, mmeambiwa. Mmeambiwa kwamba marafiki wabaya wanaharibu watoto, na kwamba nganda ni pahali pabaya. Lakini mkae karibu na kijana aliyeshikwa na pombe, mumuulize alianza wapi. Mara nyingi hatawaambia kwanza habari ya nganda. Atawaambia kwamba kikombe cha kwanza alipewa na mjomba siku ya furaha. Ao kwamba alikinunua kwa pesa ya jasho lake mwenyewe, siku aliyotoka shimoni. Ao kwamba alikipokea kwa wenzake wa chumba, siku alipofika mjini bila kujua mtu, nao wakamkaribisha.

Angalieni basi: furaha ni nzuri, jasho ni zuri, urafiki ni mzuri. Pombe haivunji ukuta wa nyumba yetu. Inapiga hodi kwa mlango mzuri, nasi tunafungua. Kwa hiyo, ukitaka kumlinda mtoto wako, usimsubiri mbele ya nganda, pale umechelewa. Simama kwenye ile milango mizuri, kwa sababu ufunguo wake uko katika mkono wa jamaa. Tutaitazama mitatu.

MLANGO WA KWANZA: SIKU MATOKEO YANATOKA

Kila mtu anajua siku ile. Matokeo ya EXETAT yanafika kwa simu, mtoto anapiga kelele, mama anapiga vigelegele, na mara poda nyeupe inamwagwa juu ya kichwa cha mshindi. Wanatembea naye katika kijiji, muziki unalia. Ni haki! Kumaliza sekondari katika Masisi na Walikale, ambako masomo yalifungwa mara ngapi juu ya vita, ambako mwalimu anafundisha miezi bila mshahara, si jambo dogo.

Lakini jua likianza kushuka, mjomba anafika na kasie ya bia. Anamwita mtoto mbele ya watu: « Leo umekuwa mwanaume. Kunywa! » Nani atakataa mbele ya mjomba? Na msichana naye sasa anaambiwa vile vile: « Weye ni diplomé, usikae kama mtoto. » Mtoto anajifunza somo moja ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba ukubwa unapimwa kwa chupa. Somo lile atakwenda nalo mpaka chuo kikuu.

Tupige hesabu kidogo, sababu wengi wanakunywa bila kujua wanachokunywa. Chupa kubwa ya bia ya santilita 72, yenye alkoli asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoli safi. Ini la mtu mzima linaweza kuondoa karibu gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Basi chupa moja inahitaji saa tatu ao zaidi. Mtoto mwenye miaka 18, mwembamba, asiyezoea, akipewa chupa tatu kwa saa mbili, mwili wake utafanya kazi usiku kucha. Kahawa haisaidii. Kuoga maji baridi hakusaidii. Ndizi haisaidii. Ni saa tu zinazosaidia. Na kifuko kidogo cha pombe kali cha mililita 100, yenye asilimia 40, kina gramu 32. Kijana anakitia mfukoni kama pipi, kumbe amebeba zaidi ya chupa kubwa nzima.

Wazee wetu walijua pombe. Kasiksi ya ndizi ilikuwa kwenye mahari, kwenye arusi na kwenye matanga. Lakini kasiksi ile ilikuwa na mwenyewe: kulikuwa mtu wa kumimina, kulikuwa wakubwa wa kuonja kwanza, kulikuwa siku yake, na watoto walikaa upande. Leo tumechukua pombe, tumeacha utaratibu.

Tufanye nini? Hatusemi mzuie furaha. Fanyeni karamu, lakini mkae kwanza, papa na mama na wajomba, kabla matokeo hayajatoka, mpatane mambo manne. Kwanza, chakula kiwe kingi na vinywaji vitamu viwepo. Pili, mtu mmoja mwenye heshima asimamie karamu, hata ajulikane mbele ya watu wote. Tatu, karamu iishe kabla ya usiku. Nne, na hili ndilo kubwa: kila mjomba anayetaka kuleta kasie, aambiwe kwa upole alete bei yake kwa safari ya mtoto. Mmoja godoro, mwingine makaratasi na kalamu, mwingine kipande cha minervale. Mjomba hatakataa kama ameambiwa mapema. Atakataa kama umemwambia akiwa tayari amesimama na chupa mkononi.

TUONGEE PIA NA MAMA WA KANYANGA

Hapa tusifiche kitu. Katika vijiji vyetu kuna mama aliyesomesha watoto kwa tanki ya kanyanga. Mume alikufa ao alikimbia, shamba liko pahali penye bunduki, na minervale haingoji. Mama, hatukuandikii kwa kukuhukumu. Tunajua umeamka saa kumi za usiku miaka mingapi.

Tunakuomba mambo mawili ya leo, na moja la kesho. La leo: usimtume mtoto kuonja kama imeiva, wala kubeba bidoni kwa wateja, na mtoto wa masomo akija na pesa mkononi, mrudishe. Ungependa mama wa Goma ambaye mwanao amepanga kwake afanye hivyo hivyo. La kesho: ongea na wamama wenzako wa likelemba ao wa AVEC, muone namna ya kubadilisha kazi pole pole, kwa maharagi, kwa mafuta ya ngazi, kwa mbuzi. Mtu haachi tanki siku moja, lakini anaweza kuiacha kwa mwaka mmoja akisaidiwa.

Na kila mtu ajue hatari ingine. Kanyanga haina etikete. Hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Katika Uganda, upande wa Kabale, mwezi wa 4 mwaka 2010, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na metanoli. Katika Nairobi, mwezi wa 11 mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Metanoli haionekani kwa macho, wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Mtu anakunywa leo, kesho anasema anaona kama ukungu, kiisha anapofuka ao anakufa. Mtu aliyekunywa akianza kulalamika juu ya macho, asiambiwe akalale. Apelekwe hospitali saa ile ile.

MLANGO WA PILI: PESA YA KWANZA YA SHIMO

Baada ya karamu inakuja miezi ya kungojea. Minervale haijatimia. Kijana anasema: « Papa, naenda ku karyere, nitarudi na pesa ya kuandikishwa. » Mwingine anaenda kwenye koltani ya Rubaya, mwingine kwenye kasiteri ao dhahabu ya Walikale. Papa anafurahi: mtoto si mvivu. Na kweli si mvivu! Lakini kijana mwenye umri wa chini ya miaka 18 asiende hata kidogo. Sheria ya madini ya Congo inatoa karte ya mchimbaji kwa mtu mzima tu.

Wale wazee wa Walikale wanakumbuka Bisie. Tangu kasiteri ilipoonekana pale mwaka 2002, watu elfu nyingi waliingia porini. Barabara haikuwepo. Kila kitu kilibebwa mgongoni kutoka Njingala, kilomita zaidi ya 40 za matope na mizizi. Na pombe ilifika! Iliuzwa bei ya mara nyingi kuliko mjini, na vijana waliinunua. Leo Bisie kuna kampuni, na tangu mwaka 2019 mashini ndizo zinazotoa bati. Lakini somo la siku zile limebaki katika kila karyere mpya: pahali ambapo daftari halifiki, chupa inafika.

Kwa nini kijana wa masomo ananunua? Watamwambia sababu tatu. Tuzijibu moja moja.

Watamwambia: « Inaondoa baridi. » Milima ya Masisi ina baridi, kweli. Lakini alkoli inafungua mishipa ya damu chini ya ngozi, damu yenye moto inakuja juu, unasikia joto usoni. Na joto lile linatoka nje linapotea. Ndani ya mwili unazidi kupoa. Ni kama mtu anayefungua mlango wa nyumba apate kuona moto wa jirani.

Watamwambia: « Inaondoa woga. » Hapo wamesema kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Ndani ya shimo, woga ni rafiki. Ni woga unaokufanya usikilize kama udongo unalia, uangalie kama mbao imepinda, uamue kutoka. Mtu asiye na woga shimoni ni mtu anayekaa dakika moja zaidi. Kampuni kubwa za migodi duniani zinapima pumzi ya mfanyakazi mbele hajaingia kazini, na aliyekunywa anarudishwa. Weye kijana unayetaka kusoma jiolojia ao injinieri upate kazi kule, anza kuzoea sheria ile leo.

Watamwambia: « Inaondoa uchovu. » Na hapa si pombe tu. Kuna bangi, kuna vidonge vinavyouzwa kwenye meza ya soko karibu na chumvi na sabuni: tramadoli, diazepamu. Tramadoli ni dawa ya maumivu makali, kwa mtu aliyepimwa na munganga. Haiondoi uchovu, inakufunika usiusikie, wewe unaendelea kuvunja mwili wako. Ikizidi, inaleta kifafa hata kwa mtu asiyekuwa nacho. Na tramadoli ao diazepamu ikikutana na pombe tumboni, pumzi inapungua, inapungua, mpaka inasimama katika usingizi. Wenzake wanafikiri amelala vizuri.

Lakini tukisema ukweli, chanzo kikubwa ni pesa yenyewe, na namna inavyokuja. Katika karyere pesa inakuja kwa ghafula, na hakuna pa kuiweka. Ukiiacha katika hema, itaibwa. Ukiwa nayo mfukoni, PDG wa shimo anajua, rafiki anajua, mwenye nganda anajua. Na siku zisizo na pesa, mwenye nganda ni mwema: « Kunywa tu, utalipa ukitoka shimoni. » Hivyo kijana anaanza kuchimba kwa kulipa deni, si kwa kulipa minervale. Tupige mfano tu: mtu anayeacha dola 2 kila siku kwa chupa, katika siku 60 ameacha dola 120. Mwuulize kama alizihesabu. Atakuambia: « Sikukunywa mingi, ni kidogo kidogo. »

Basi, mtoto asiondoke nyumbani bila mapatano. Ninyi wawili, mzazi na mtoto, mkae mseme hivi:

Nani atashika pesa? Pesa isilale na mchimbaji. Tangu mabanki ya Goma yalipofunga Januari 2025, jamaa nyingi zimezoea kutuma kwa simu. Itumwe kwa mama siku ile ile ya malipo, mbele ya chakula cha jioni. Pahali pasipo rezo, iwekwe kwa mtu mzima mmoja aliyechaguliwa, na iandikwe katika daftari mbili, moja kwake na moja kwa kijana.

Ataenda na nani? Asiende peke yake, wala na vijana wa umri wake tu. Aende na mtu mzima ambaye mnamjua kwa matendo yake.

Atarudi siku gani? Si « nikipata pesa ya kutosha », sababu pesa ya shimo haitoshi hata siku moja. Tarehe. Akifikisha tarehe, arudi na kile alicho nacho.

Na sharti moja lisilo na maneno mengi: aliyekunywa haingii shimoni. Si yeye tu. Akiona mwenzake amekunywa, amzuie, hata wakigombana. Heri ugomvi wa leo kuliko matanga ya kesho.

MLANGO WA TATU: CHUMBA CHA KUPANGA

Sasa mtoto amefika Goma. Ameandikwa UNIGOM, ao ULPGL, ao ISTM, ao katika institi ingine. Amepanga chumba cha mbao, na labda wako wawili ao watatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna anayejua saa aliyolala wala saa aliyoamka.

Juma zile za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Mtoto anatafuta watu. Wakubwa wa chuo wanamtaka aingie katika michezo yao ya kupokea wageni, na mara nyingi katikati ya mchezo kuna chupa. Zaidi ya hayo, mtoto wetu si mtoto wa mahali pengine. Amekuja na mambo moyoni. Ameona nyumba zikiungua, amelala porini, labda amezika ndugu. Goma yenyewe ilipotekwa Januari 2025, masomo yalisimama, na wengi walijificha chini ya kitanda wakisikia mabomu. Mtoto kama huyu wakati mwingine hanywi kwa kutafuta furaha. Anakunywa apate usingizi. Na kweli analala haraka. Lakini katikati ya usiku alkoli ikipungua anaamka, moyo unapiga, na ndoto zinarudi na nguvu. Kesho anahitaji mbili badala ya moja.

Papa, ukimpigia simu mtoto huyu na kumuuliza tu « Umelewa? », atajibu « Hapana, papa », na mazungumzo yamekwisha. Muulize: « Unalala namna gani? Jumamosi ulikuwa na nani? Umekula nini tangu asubuhi? » Mtoto asiyelala, asiyekula, asiye na mtu Jumamosi, huyo ndiye wa kumtembelea mbele ya yote. Chagueni siku moja ya simu kila juma, na msiiruke, hata kama hamna pesa ya kutuma. Na pesa, kama mnayo, itumeni kidogo kidogo kwa juma, si yote mwanzoni mwa mwezi. Mkono wenye pesa nyingi unapata marafiki wengi.

Na weye kijana, sikiliza jambo moja ambalo litakushangaza. Mwaka 1986, wachunguzi wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, waliandika juu ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja. Waliona kwamba wanafunzi wengi walifikiri wenzao wanapenda pombe kuliko vile ilivyo kweli. Uchunguzi mwingi baadaye, katika vyuo vingi, ulionyesha jambo lile lile. Sababu yake ni nyepesi: mlevi mmoja katika korido anasikiwa na wote, na wale ishirini waliolala hawasikiwi na mtu. Basi kijana anasema moyoni, « wote wanakunywa, mimi nitakuwa nani? », anakunywa kwa kuwafuata watu ambao hawako.

Mnaweza kuhakikisha hili wenyewe, katika kikundi cha vijana ao katika chorali, bila aibu na bila jina. Tafuteni chungu kimoja chenye kifuniko, maharagi na mahindi. Kila mmoja aandike kwanza juu ya karatasi: kati ya watu kumi hapa, wangapi walikunywa pombe juma hili? Kiisha kila mmoja apite peke yake, atie hindi moja kama hakunywa, haragi moja kama alikunywa. Mimineni, mhesabu mbele ya wote, mlinganishe na karatasi. Msimtafute aliyetia haragi! Siku mkimtafuta, kura imekufa. Mkiona maharagi ni mengi kuliko mlivyofikiri, mmejua pa kuanzia kazi. Mkiona ni machache, yule aliyekuwa anajiona peke yake amejua leo kwamba ana wenzake.

Jumamosi jioni nayo isiachwe wazi. Mchezo wa mpira, mazoezi ya nyimbo, masomo ya pamoja na taa moja ya sola: kitu kiwepo, kwa saa ile ile ambayo nganda inafungua muziki wake. Na mwisho wa miaka, siku ya difanse, msirudi tena kwenye kasie ya mjomba. Mtoto aliyepita milango yote mitatu salama asianguke kwenye kizingiti cha kutokea.

TUSIFIKIRI NI SISI PEKE YETU

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2019 pombe iliua watu karibu milioni 2.6 duniani, na kwamba wenye miaka 20 mpaka 39 wanaguswa kuliko wengine. Ndio umri wa wanafunzi wetu na wachimbaji wetu. Jirani zetu wamejaribu kufunga angalau mlango wa vifuko: Tanzania ilikataza pombe ya vifuko, ile waliyoita viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafanya hivyo mwaka 2019. Mbali zaidi, katika kisiwa cha Islandi, mwaka 1998 vijana 42 kwa 100 wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi mmoja. Mwaka 2016 walibaki 5 kwa 100. Walifanya nini? Wazazi walipatana pamoja saa ya watoto kurudi nyumbani, walikaa nao zaidi, na vijana walipewa michezo na muziki wa kuwashika mchana na jioni. Sisi hatuna pesa yao. Lakini kupatana kati ya wazazi wa mtaa mmoja hakuombi pesa.

KAMA TAYARI AMEINGIA

Labda msomaji mmoja anasema: « Mmeniandikia nikiwa nimechelewa. Mwanangu anakunywa. » Mama, papa, msikate tamaa. Angalieni mambo haya.

Msimpigie kelele akiwa amelewa, hasikii. Ngojeni asubuhi, aongee na mtu mmoja, yule anayempenda zaidi. Msikate minervale kwa hasira. Mtoto aliyefukuzwa masomo ana saa nyingi zaidi za kunywa. Lipeni moja kwa moja kwa chuo.

Akikutwa amelala na hawezi kuamshwa, akipumua pole pole sana, akiwa baridi ao midomo imegeuka rangi, hiyo si usingizi. Mlazeni kwa ubavu asisongwe na matapishi, msimwache peke yake, msimpe kitu kinywani, mtafute pikipiki ya kumfikisha hospitali.

Kama amekunywa kila siku kwa muda mrefu, msimfungie ndani aache siku moja. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwepo, na kupata kifafa; wengine wanakufa. Aache akiwa anaangaliwa na munganga. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, kitawaelekeza. Goma kuna hospitali ya akili Tulizo Letu ya Mafrere wa Charité, na Bukavu kuna SOSAME. Kwenda pale si aibu, wala si kwa wendawazimu tu. Mtu mwenye malaria haulizwi nani alimtuma kwa mbu.

Na neno moja kwa viongozi wetu wa chorali na wa vijana, kwa heshima. Kijana akionekana amelewa, mara nyingi tunamsimamisha chorali siku ile ile. Kanuni ni kanuni. Labda hawezi kuimba mbele. Lakini akitoka kwetu Jumapili, Jumatatu ataenda kwa nani? Kuna kikundi kingine kinachomngoja, na chenyewe hakina masharti ya kuingia. Mwache asiimbe, lakini kiti chake kisipewe mtu. Aje kwenye mazoezi, abebe ngoma, apange viti, arudi nyumbani na wengine. Kama tumemfungia mlango mzuri wa mwisho, tusishangae akiutafuta ule mwingine.

MAULIZO YA KUONGEA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani alikunywa kikombe cha kwanza akipewa na nani, na siku gani?
2. Mtoto wetu akipata EXETAT mwaka huu, nani atasimamia karamu? Tumekwisha kumwambia?
3. Pesa inayotoka shimoni inalala wapi usiku wa kwanza?
4. Mtoto aliye chuoni, tuliongea naye siku gani ya mwisho? Tulimuuliza nini?
5. Katika kikundi chetu cha vijana, kuna mtu tuliyemsimamisha na ambaye hakuna aliyemtembelea mpaka leo?

Ulizo la tano msilijibu kwa kinywa. Lijibuni kwa miguu, mwende kwake juma hili.

Mkae salama, na barabara ziwe salama kwenu. Tutaonana tena katika ukurasa huu mwezi ujao.